Kwa Nini Zuhura Haionekani Saa Sita Usiku?

Jua likishazama upande wa Kamanga, ng'ambo ya ghuba ya Mwanza, kuna miezi ambayo nuru moja nyeupe hubaki imening'inia magharibi kabla nyota nyingine hazijajitokeza. Haimetimeti. Mgeni anaweza kudhani ni ndege inayokuja kutua Ilemela, ila ndege hukua na kusogea, na hii imetulia palepale. Miezi mingine nuru hiyohiyo iko mashariki, na wanaoiona zaidi ni wavuvi wa dagaa wanaorudi mwaloni alfajiri, maana wao huingia ziwani siku za giza, wakati hakuna mbalamwezi ya kushindana na taa zao.

Wapo wanaoapa kwamba nyota ya jioni na nyota ya alfajiri ni mbili tofauti. Ni moja, na wala si nyota. Ni Zuhura, sayari ya pili kutoka kwenye Jua. Kuhama kwake kutoka jioni kwenda alfajiri kunashangaza, lakini kuna la kushangaza zaidi: mtu wa Mwanza anaweza kukesha Capri Point mwaka mzima, mbingu nyeupe bila wingu, na asiione Zuhura hata mara moja saa 6 usiku.

Chukua karabai, iweke katikati ya uwanja wenye giza. Mwambie mtoto aizunguke akiwa hatua saba kutoka kwenye taa. Wewe izunguke kwa nje, hatua kumi. Zungukeni mnavyotaka, kwa kasi yoyote. Kila ukitaka kumwona mtoto itabidi uangalie upande wa taa. Ukiipa taa mgongo, mtoto humwoni. Hatua hizo sikuzitaja ovyo: Zuhura iko kilomita milioni 108 kutoka kwenye Jua, na sisi tuko milioni 150. Na saa 6 usiku ndiyo saa ambayo mahali uliposimama pamelipa Jua mgongo.

Wataalamu wa anga wamepima jambo hili kwa nyuzi. Tukiitazama kutoka duniani, Zuhura haiachani na Jua kwa zaidi ya nyuzi 47 hivi. Anga nayo huonekana kuzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo Zuhura ikikaa sana baada ya Jua kuzama ni saa tatu na dakika chache. Mwanza iko magharibi mwa nchi lakini inatumia saa moja na Dar es Salaam, ndiyo maana Jua letu huchelewa na kuzama karibu na saa 1. Piga hesabu: ikifika saa 4 na nusu usiku Zuhura imeshazama, na kabla ya saa 9 haijachomoza. Kati ya saa hizo mbili, mtu akikuonyesha kitu utosini akakwambia ni Zuhura, mkatalie.

Kuhama kwake nako kunatokana na mzunguko huohuo. Zuhura humaliza mzunguko wake kwa siku 225, sisi kwa siku 365, kwa hiyo hutupita kila baada ya siku 584 hivi. Ikiwa inatufuata kwa nyuma, sisi huiona jioni. Ikishatupita, huhamia upande wa pili wa Jua na kuwa ya alfajiri. Katikati hupotea: kwa siku chache inapopita kati yetu na Jua, na kwa wiki kadhaa inapokuwa nyuma ya Jua.

Halafu kuna jambo ambalo mimi naliona tamu kuliko yote haya. Mizunguko mitano ya siku 584 inakaribia sana miaka minane kamili. Tofauti ni siku mbili tu. Tarehe 26 Oktoba 2018 Zuhura ilipita kati ya Dunia na Jua. Miaka minane baadaye inapita tena hapo, tarehe 24 Oktoba 2026. Ukiandika leo umeiona wapi na saa ngapi, daftari lako litakufaa baada ya miaka minane.

Kuna watu waliliandika daftari hilo zamani sana. Huko Babeli waliweka kumbukumbu za kuonekana na kupotea kwa Zuhura kwa miaka 21, enzi za mfalme Ammisaduqa, na nakala zake kwenye vibao vya udongo zimehifadhiwa London. Wababeli waliiita Ishtar, mungu mke wa mapenzi na wa vita pia. Wamaya wa Amerika ya Kati walipiga hesabu ya siku 584 bila darubini, wakazigawa: siku za alfajiri, siku za kupotea, siku za jioni, kisha siku nane za kupotea tena. Jedwali lao limo kwenye kitabu kilichopo Dresden, Ujerumani. Kwao Zuhura ilikuwa ya vita zaidi kuliko mapenzi. Wazulu nao wana jina la alfajiri, iKhwezi, na jina la jioni linalomaanisha nyota inayoomba mahindi ya kuchemsha, kwa kuwa hutokea watu wakingoja chakula.

Kwetu, jina Zuhura limetoka kwa Waarabu kupitia pwani, pamoja na majina ya sayari nyingine: Utaridi, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Limekuwa jina la mabinti, na halishangazi kwa sayari yenye sifa ya uzuri. Katika elimu ya falaki, yaani elimu ya kale ya nyota na utabiri wake, kila siku ya juma ina sayari yake, na Zuhura imepewa Ijumaa. Sina imani na utabiri wa nyota, ila waliotunga hesabu zile walikuwa wanaangalia anga kwa makini kuliko wengi wetu wenye simu mkononi. Na ukifungua Biblia utakuta nyota ya alfajiri katika Isaya 14, akifananishwa nayo mfalme wa Babeli aliyeanguka, na utaikuta tena katika Ufunuo 22, safari hii Yesu akijiita nyota ya asubuhi. Nuru moja, watu wawili walio mbali kabisa.

Kwa Zuhura tuna bahati nyingine ambayo watu wa kaskazini hawana. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na kwa hiyo njia inayopitwa na sayari angani husimama karibu wima juu ya ziwa. Zuhura huzama moja kwa moja kama inatumbukia. Kule London kuna majira ambayo njia hiyo hulala chini kandokando ya upeo wa macho, na sayari inaweza kuwa mbali na Jua huku imejificha nyuma ya majengo. Hata Utaridi, ambayo iko karibu zaidi na Jua na ni ngumu kuiona, sisi tunaipata kirahisi kidogo, mradi ufukwe uwe wazi.

Ukiwa na darubini utaona kwamba Zuhura ina hilali. Mwaka 1610 Galileo aliiona ikibadilika umbo kama Mwezi, akatuma habari hiyo kwa fumbo la herufi: mama wa mapenzi anaiga maumbo ya Mwezi. Halikuwa jambo dogo. Katika mpango wa kale, ambao Jua na sayari zote huizunguka Dunia, Zuhura isingeweza kamwe kuonekana karibu duara kamili. Ilionekana hivyo, kumbe inazunguka Jua. Ajabu ni kwamba hung'aa zaidi ikiwa hilali, kwa sababu wakati huo iko karibu nasi, hata kilomita milioni 40 inapotusogelea sana, ilhali ikiwa duara iko nyuma ya Jua, zaidi ya kilomita milioni 250.

Mng'ao wenyewe unatoka kwenye mawingu, ambayo hurudisha takriban robo tatu ya mwanga wa Jua. Mawingu hayo ni ya asidi ya salfa. Chini yake kuna hewa nzito ya kaboni dioksidi inayofungia joto, na ardhi ina nyuzi 465 hivi za Selsiasi, hata madini ya risasi yangeyeyuka. Hewa inakandamiza kama maji yanavyomkandamiza mtu aliyezama zaidi ya mita 900, na Ziwa Victoria lenyewe pale lenye kina zaidi ni mita 80 na kitu. Venera 13, chombo cha Umoja wa Kisovieti kilichotua Machi 1982, kilituma picha za rangi na kudumu dakika 127. Kilitengenezwa kidumu dakika 32. Milima na mabonde ya huko yamepewa majina ya wanawake, isipokuwa machache yaliyotangulia kanuni hiyo, kama milima mirefu kuliko yote iliyobaki na jina la Maxwell, mwanafizikia wa Scotland.

Mara chache sana Zuhura hupita mbele ya Jua kabisa na kuonekana kama kitone cheusi. Tarehe 8 Juni 2004 ilivuka kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana kwa saa zetu, na tarehe 6 Juni 2012 Jua lilipochomoza Mwanza kitone kilikuwa bado kipo, kikatoka kabla ya saa 2. Nyingine ni Desemba 2117, kwa hiyo waachie wajukuu na vitukuu, na uwasisitizie wasitazame Jua kwa macho matupu.

Na ile nuru kubwa iliyokuwa utosini saa 6 usiku? Mirihi, Mshtarii na Zohali ziko nje ya njia ya Dunia, kwa hiyo zinaweza kukaa upande tulioupa Jua mgongo. Mara nyingi ni Mshtarii. Ielekezee darubini ndogo ya macho mawili, egemeza viwiko kwenye ukingo wa mtumbwi uliovutwa nchi kavu ili mikono isitetemeke, na utaona vitone viwili, vitatu au vinne vimejipanga pembeni yake karibu kwenye mstari mmoja. Ni miezi yake, ileile aliyoiona Galileo Januari 1610, na ukirudi kesho usiku utaikuta imebadilishana nafasi.