STI yako imechoka: dhana potofu kuhusu gari la kurithi nafasi yake

Mapenzi ya Wakenya kwa Impreza yalianzia kwenye Safari Rally. Miaka ya 1990 Patrick Njiru aliiendesha Subaru kwenye vumbi na tope la nyumbani, Colin McRae akashinda na Impreza ya buluu mwaka 1997, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena na Impreza. Watoto waliokuwa wakisimama kando ya barabara siku zile wamekua, wamepata kazi, na wengi wakajibana mpaka wakaagiza STI yao, yaani Impreza yenye nguvu zaidi, kutoka Japani: GC8, kisha GDB, wachache GRB, namba za kiwanda za vizazi vyake vitatu vya mwanzo.

Magari hayo sasa yamechoka. GDB za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 2007. Na Machi 2022 Subaru ilitangaza kwamba haitaunda STI ya petroli juu ya WRX mpya, gari ambalo STI hujengwa juu yake. Mwenye gari anabaki akiuliza marafiki, mafundi na mabroka wa yadi za Ngong Road, na kila mmoja ana lake la kusema. Nimewaona watu wakiuza gari walilolipenda kwa moyo wote, wakanunua la bei kubwa zaidi, na baada ya muda mfupi hata hamu ya kuliwasha Jumapili hawana. Walichokuwa wakitafuta ni nakala ya lile la kwanza, na nakala hiyo haipo. STI ilikusanya mambo matano mahali pamoja: gia za mkono, magurudumu manne yanayovuta, turbo, milango minne, na bei ambayo mtu wa mshahara angeweza kuifikia. Magari yanayopatikana leo yanakupa matatu, pengine manne. Kwa hiyo amua mapema ni lipi huwezi kuishi bila hilo. Ukishaliamua, dhana nyingi zilizo hapa chini zitakosa nguvu ya kukuyumbisha.

"STI nyingine ndiyo dawa, na zitaendelea kuletwa tu"

Hazitaendelea. Kiwango cha KS 1515 cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, hakiruhusu kuingiza nchini gari lililopitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa mwaka 2026, mwisho ni magari yaliyosajiliwa kuanzia Januari 2019. Japani nayo ilifunga oda za STI ya mwisho, yaani VAB yenye injini ya EJ20, mwishoni mwa 2019, na toleo la kuiaga injini hiyo, EJ20 Final Edition, lilikuwa la magari 555 pekee. Ukihesabu vidole utaona kwamba VAB za Japani zinazoweza kupita bandari ya Mombasa ni za kundi la mwisho kabisa, na kule mnadani wanunuzi wa dunia nzima wanazigombania kwa sababu hiyohiyo.

Australia, ambako usukani uko kulia kama kwetu, iliendelea kuuza STI kwa muda zaidi. Lakini zile zina EJ257 ya lita 2.5. Aliyezoea EJ207, yaani ile EJ20 ya lita 2.0 ya STI za Japani, asidhani ni injini ileile. Pistoni za EJ257 zina udhaifu unaojulikana: kingo zinazoshika ringi hupasuka presha ya turbo ikiongezwa ovyo au petroli ikiwa dhaifu. Ukiinunua, iache kama ilivyotoka kiwandani.

Zipo pia VAB ambazo tayari zina namba za Kenya. Hizo ndizo ningeziangalia kwanza, ila ukague kwa makini kuliko unavyokagua gari jingine lolote, maana chache sana zimeachwa bila kuguswa.

"Angalia nguvu-farasi, mengine ni maneno"

Hii ndiyo dhana iliyowapoteza wengi zaidi. VAB ya Japani ina nguvu-farasi 308 na uzito wa kama kilo 1,490. GR Yaris RZ, gari dogo la Toyota la turbo na magurudumu manne yanayovuta, toleo la 2020, ina 272 na uzito wa kilo 1,280. Gawanya: kwenye VAB kila nguvu-farasi moja inabeba karibu kilo 4.8, kwenye Yaris karibu 4.7. Gari linaloonekana dogo kwenye karatasi halijaachwa nyuma hata kidogo, na kwenye kona uzito mdogo ni faida ambayo pesa ya kuongezea injini nguvu haiwezi kuinunua.

Halafu kuna jambo ambalo majarida ya Ulaya hayana sababu ya kulitaja, nasi tunaoishi Nairobi tunapaswa kuanza nalo: tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya sita ya nguvu zake. GR86 mpya ya Toyota, na pacha wake BRZ wa Subaru, ina lita 2.4 bila turbo na nguvu-farasi 235 kwa kipimo cha kiwanda. Mombasa utazipata karibu zote. Ukianza kupanda kuelekea Limuru, umeshabaki na chini ya 200. Injini ya turbo huisukuma hewa ndani kwa nguvu, hivyo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, na hiyo ni sababu mojawapo Subaru za turbo zilionekana hodari sana kwenye milima yetu.

Pamoja na hayo siikatai GR86. Kama kilichokufanya uipende STI ni mikono yako kuisikia barabara kupitia usukani, na gia ambayo unaiingiza mwenyewe, hii inaweza kukupa furaha kuliko gari lolote lililotajwa hapa. Lakini inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ina milango miwili, na viti vya nyuma ni vya mtoto mdogo au mkoba. Mwenye familia aliyezoea kuwapakia watoto kwenye GDB kwenda shule aanzie hapo kabla ya kuhesabu sekunde.

"GR Yaris ni GR Yaris, chukua ya bei nafuu"

Usithubutu. Japani iliuza pia GR Yaris RS: bodi ileile pana ya milango miwili, jina lilelile, lakini injini ya lita 1.5 bila turbo yenye nguvu-farasi 120, gia za CVT (otomatiki isiyo na hatua, inayotumia mkanda au cheni), na magurudumu ya mbele tu ndiyo yanayovuta. Picha za mnadani haziwezi kukuonyesha tofauti hiyo kwa haraka, na bei yake inavutia. Unachotafuta ni RZ, na ikiwezekana RZ High performance, ambayo ina difu za Torsen, zinazozuia gurudumu moja kuzunguka bure, mbele na nyuma. Aliyezoea difu za STI na kile kitufe cha kugawa nguvu kati ya ekseli ataihisi tofauti hiyo kwenye murram ya kwanza atakayokutana nayo. Toleo lililoboreshwa la 2024 lina nguvu-farasi 304, na mtu anaweza kuchagua gia za otomatiki za hatua nane akitaka.

Tangu Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, Yaris za Toyota zimetawala. Anayetaka gari lenye uhusiano wa kweli na rali, kama ilivyokuwa Impreza ya baba zetu, hana sababu ya kuona haya kuhamia upande ule.

"CVT si gari la mtu anayejua kuendesha"

Nimeisikia kauli hii kwa watu ambao hawajawahi kuikalia WRX S4, ndugu wa STI mwenye gia za CVT. Toleo la 2014 hadi 2021, linaloitwa VAG, lina injini ya turbo ya FA20 ya lita 2.0 yenye nguvu-farasi 300 na torki ya Nm 400. Ukilinganisha na VAB, ambayo Nm 422 zake hufika injini ikiwa kwenye mizunguko 4,400, S4 inazitoa zake zote kuanzia 2,000 hivi. Kwenye barabara halisi, ukitoka nyuma ya lori pale Salgaa unataka kulipita, S4 inakuwa imeshaondoka wakati STI inaanza kuvuta pumzi. FA20 pia inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo ile bili ya kila kilomita 100,000 inaondoka.

Wanaolalamika wana hoja zao pia, na nisingependa zidharauliwe. CVT hupata joto ikibanwa muda mrefu, haipendi kuongezewa nguvu nyingi, na mafuta yake lazima yabadilishwe hata kama muuzaji ameapa kwamba ni ya maisha. FA20 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo kaboni hujikusanya kwenye vali za kuingizia hewa, na siku moja utalazimika kulipia zisafishwe. Kama gia ya mkono ndilo jambo ambalo huwezi kuliacha, S4 haitakutosheleza, na hakuna mtu atakayekubadilisha mawazo. Kama unashinda kwenye foleni ya Mombasa Road asubuhi na jioni, goti lako la kushoto litakushukuru.

Tahadhari mbili za haraka. Levorg ya kwanza, gari la Subaru la familia lenye sehemu ya mizigo nyuma, ilikuja na injini mbili, ya lita 2.0 yenye nguvu za S4 na ya lita 1.6 yenye nguvu-farasi 170. Kwa nje zinafanana sana, kwa hiyo soma karatasi kabla ya kuamini tangazo. Na Forester XT ya SJ ni gari zuri lenye FA20 ya nguvu-farasi 280, lakini ni refu kwenda juu, na kwenye kona urefu huo unajitokeza. Anayekuambia ni STI yenye nafasi ya mizigo anakuuzia.

"Gari la Ujerumani litakufilisi"

Litakufilisi ukilipuuza. Golf R ya Volkswagen ina magurudumu manne yanayovuta, milango minne pamoja na mlango wa nyuma wa mizigo, na mwendo unaoweza kuiaibisha STI nyingi za mjini. DSG, gia za otomatiki zenye klachi mbili, ya aina ambayo klachi zake huzama kwenye mafuta, inayotumika kwenye Golf R, si ileile yenye klachi kavu iliyozichafulia jina Golf ndogo. Badilisha mafuta yake kwa wakati, usiusahau mfumo wa Haldex unaopeleka nguvu nyuma, na tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma Volkswagen kabla hujaagiza gari. Hisia za kwenye usukani ni tulivu kuliko za STI. Wengine huupenda utulivu huo, mimi ningeukosa ule mtetemo.

"Nikipata bei ya chini Japani, ushuru nao utashuka"

KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haitumii risiti yako kwa magari yaliyotumika. Inatumia orodha yake ya bei ya gari likiwa jipya, inayojulikana kama CRSP, kisha inapunguza kulingana na umri wa gari. Ukibahatika mnadani, faida hiyo ni yako mfukoni tu, ushuru utabaki palepale. Ushuru wa forodha wenyewe umekuwa asilimia 35 tangu Julai 2023, kutoka 25, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa, VAT na ada nyingine. Wala usitegemee udogo wa injini ya GR Yaris ikuokoe: mpaka wa ushuru wa bidhaa uko cc 1,500, nayo ina 1,618. Piga hesabu ya ushuru kabla ya kuweka bei mnadani, kisha ndipo upende.

"Japani hawaharibu magari"

Gari la michezo hununuliwa na watu wanaotaka kukimbia, Japani kama popote. Lipo lililozungushwa kwenye viwanja vya mbio miaka mitatu, likarudishiwa vipuri vya kiwanda wiki moja kabla ya mnada. Karatasi ya mnada yenye alama R au RA inamaanisha gari liligongwa likatengenezwa, na muuzaji akikuonyesha picha tu bila karatasi hiyo, tafuta muuzaji mwingine. Na kumbuka injini hizi zilipangwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo kiwango chake cha chini ni okteni 96. Super ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Turbo ikiwa imeongezwa presha kule Japani, hapa inaweza kuitoboa pistoni bila kukuonya, kwa hiyo fundi airudishe kwenye mpangilio wa kiwanda kabla hujaipeleka Naivasha.

"Gari likizeeka, kubaki nalo ni hasara"

Si lazima. Chukua tofauti ya bei kati ya GDB yako na gari unalolitamani, ongeza ushuru na bima, kisha mwombe fundi wako akupe hesabu ya kuifungua injini, kubadilisha klachi, shoki na bushi zote. Mara nyingi tofauti hiyo inalipia kazi yote na kubakiza pesa za Fielder ya kwenda kazini. Kinachoamua ni bodi. Gari lililoishi Pwani likaliwa na kutu chini ya sakafu, au chasisi yake ikanyooshwa baada ya ajali, halirudi, na hilo liachie liende. Bodi ikiwa salama, pima mgandamizo wa silinda zote nne kabla ya kuandika tangazo la kuuza, ukiitazama zaidi ile ya nne, kwa sababu kwenye EJ hiyo ndiyo mara nyingi huanza kuumia. Vipimo vyake vikikaribiana, una muda wa kutafuta bila haraka, na huenda usiuze kabisa.