Anjiojenesisi: mishipa ya damu inayolisha uvimbe, na inasema nini kwa mwenye kansa ya kichwa na shingo

Anjiojenesisi ni mishipa mipya ya damu kuchipua kutoka kwenye ile iliyopo. Yenyewe sio ugonjwa, kidonda kikipona inatokea, mimba ikikua inatokea, shida inaanza pale uvimbe wa kansa unapoitumia kujilisha.

Mwaka 1971 daktari wa Marekani, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe usipopata mishipa yake unakwama kwenye milimita chache tu, hauendi zaidi. Seli za katikati zikikosa oksijeni zinatoa protini, inayojulikana zaidi ni VEGF, na hiyo ndo inafanya mishipa ya jirani itoe matawi kuelekea kwenye uvimbe.

Sasa kwenye kansa za kinywa, ulimi, koo na kongomeo (kisanduku cha sauti) hapa pana jambo watu hawalitegemei. Mishipa hii inaota ovyo, imepindapinda, inavuja, damu haipiti sawasawa, kwa hiyo uvimbe unaweza kuwa na mishipa kibao na bado una sehemu zenye njaa ya oksijeni, na mionzi, ambayo ni tiba kubwa sana ya kansa hizi, inaua seli vizuri pale oksijeni ilipo. Ndo maana uvimbe wa namna hiyo unakuwa mbishi.

Je mishipa mingi maana yake mgonjwa hana muda? Hapana jamani. Tafiti nyingi zinaonyesha VEGF ikiwa juu hali kwa wastani inakuwa mbaya zaidi, ila kuhesabu mishipa kwenye hadubini kunatoa majibu yanayopishana, maana maabara hii inapaka rangi kipande cha uvimbe hivi na ile vile, na kipimo hicho hakimo kwenye kupanga steji. Kinachobeba uzito ni kansa imefika tezi za shingoni au bado, uvimbe una ukubwa na kina gani, upasuaji umeutoa wote au kuna mabaki, na kwa kansa ya koo eneo la tonsili, kama imeletwa na kirusi cha HPV, wagonjwa hao mara nyingi wanaitikia tiba vizuri zaidi, hasa kama hawavuti sigara.

Halafu msichanganye na ile ripoti inayosema seli za kansa zimeingia ndani ya mishipa ya damu au ya limfu (inayobeba majimaji ya mwili). Hilo ni jambo lingine kabisa, ni dalili ya kansa kutafuta njia ya kusambaa, na daktari analitazama anapoamua kama mgonjwa aongezewe tiba baada ya upasuaji, kwa hiyo ukiliona kwenye majibu muulize.

Dawa za kuzuia mishipa zipo, bevacizumab iliruhusiwa Marekani 2004 kwa kansa ya utumbo mpana. Kwenye kichwa na shingo ilijaribiwa pamoja na kemo, haikuonyesha wazi kwamba inaongeza maisha na kutokwa damu kukaongezeka, ndo maana sio tiba ya kawaida huku.