Kundi moja, mafundo mawili

Wanafunzi wa hisabati hapa Kisumu huniambia kwa uhakika: mafundo mawili yakiwa na kundi la msingi linalofanana, basi ni fundo lile lile. Sivyo.

Kundi hilo hukusanya njia zote za kutoka mahali pamoja, kuizunguka kamba na kurudi pale pale. Makundi yakitofautiana, mafundo yametofautiana. Kinyume chake ndicho hakishiki.

Nenda ufuoni Dunga na vipande viwili vya kamba. Cha kwanza, funga ncha zake kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Fundo hilo hukaza. Cha pili, kulia juu ya kushoto mara zote mbili. Hilo huteleza, na wavuvi hawaliamini. Sasa unganisha ncha zilizobaki za kila kipande, maana fundo la hisabati halina ncha. Makundi yao ni yale yale, lakini huwezi kuligeuza moja kuwa jingine bila kukata kamba. Mwaka 1952 mwanahisabati Ralph Fox alithibitisha kwamba hata nafasi zinazoyazunguka hazifanani.

Hata hivyo, wanafunzi hao hawako mbali. Haya ni mafundo ya kuunganishwa, kila moja limetokana na mafundo mawili madogo. Kwa yale yasiyogawanyika, kundi hulitambulisha fundo, ila haliwezi kulitenga na taswira yake ya kwenye kioo.