Bei ya king'amuzi si bei ya kuona televisheni

Mitambo ya analojia ya televisheni ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, simu yangu haikupumzika wiki nzima. Watu walikuwa na ving'amuzi vipya juu ya meza, wamevilipia, na kioo hakionyeshi kitu. Ninafunga antena na madishi tangu kipindi kile, na hadi leo mteja akinipigia huanza na swali lilelile: "Fundi, king'amuzi shilingi ngapi?" Ninatamani angeuliza kwanza mambo mengine, kwa sababu king'amuzi aghalabu huuzwa kwa ofa. Muuzaji anajua hela yake ataipata polepole, mwezi baada ya mwezi.

Gharama ya kwanza inayowashtua watu iko juu ya bati. Enzi za analojia mawimbi yakiwa hafifu ulipata chenga, na tuliangalia mpira kwenye chenga hadi filimbi ya mwisho. Dijitali haikupi chenga. Mawimbi yakishuka chini ya kiwango, picha inakatikakatika vipande vya mraba, sauti inakwama, kisha unaandikiwa kwamba hakuna mawimbi. Antena iliyokuwa "inashika vizuri tu" inageuka kuwa haifai. Matangazo ya dijitali ya antena yanakuja kwa masafa ya UHF, kuanzia megahezi 470, na baadhi ya antena za zamani zilitengenezwa kwa VHF, masafa ya chini zaidi. Kwa hiyo kuna antena mpya, kuna bomba la kuinyanyua ipite mwembe wa jirani, na kuna waya. Tafadhali usibane hela kwenye waya. Ule mwembamba wa bei chee unakula mawimbi njiani. Kutoka juu ya bati mpaka sebuleni ukiwa na mita 20, yanayofika ni mabaki. Nunua waya mnene wa RG6, na vichwa vyake vikazwe vizuri, maji ya mvua yasiingie.

Lakini kinachoumiza watu zaidi ni chumba cha pili.

Mama mmoja wa Mbagala aliniita nimfungie dishi alilonunua kwenye ofa. Alikuwa na televisheni mbili, moja sebuleni na nyingine chumbani kwa wajukuu, na alishanunua spilita dukani ili "tugawe waya".

"Mama, hii haitafanya kazi," nikamwambia.

"Kwa nini, mwanangu? Zamani si tuligawa antena moja nyumba nzima?"

Ni kweli, waligawa, maana kila televisheni ilikuwa inajitafutia chaneli yenyewe. Sasa anayetafuta ni king'amuzi, na king'amuzi kimoja kinafungua chaneli moja kwa wakati mmoja. Ukivuta waya kutoka kwenye king'amuzi hadi chumbani, chumbani wataona kilekile kinachoonekana sebuleni. Bibi akiweka habari, na wajukuu wanaona habari.

Ukinunua king'amuzi cha pili, spilita bado haikusaidii. Kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, tunachokiita LNB, kinapokea mawimbi ya aina mbili, yaliyosimama na yaliyolala, na kinasubiri kuambiwa kilete yapi. King'amuzi kinakiambia kwa umeme kupitia waya uleule: volti 13 kikitaka yaliyosimama, volti 18 kikitaka yaliyolala. Ukiunganisha ving'amuzi viwili kwenye tundu moja, kimoja kinaomba 13 na kingine 18, na mwenye 18 ndiye anayesikilizwa. Chumba kimoja kinaona tamthilia, kingine kinaambiwa hakuna mawimbi. Dawa yake ni LNB ya matundu mawili, waya wa pili kutoka kwenye dishi, king'amuzi cha pili na kadi yake, na mara nyingi malipo ya pili kila mwezi. Hayo yote hayapo kwenye bango la ofa.

Nilishuka ngazi, tukakaa barazani, akatoa daftari lake la kikoba. Nikamwomba tuandike mwezi mmoja kama ulivyo.

Mstari wa kwanza kifurushi, na ndani yake VAT. Chini yake makato ya kulipia kwa simu. Halafu tozo ya visimbuzi, yaani ving'amuzi, iliyokuja na bajeti ya mwaka 2022, iliyokuwa ikikatwa wakati wa kulipia. Kisha umeme wa LUKU. King'amuzi kinachokula wati 10, kikiachwa kimechomekwa usiku na mchana, kwa siku 30 kinamaliza uniti 7.2. Kukizima kwa rimoti si kukichomoa, maana vingi vinaendelea kunywa umeme taa ikiwa nyekundu. Na siku za kifurushi zinahesabika hata umeme ukikatika, hata ukisafiri kwenda msibani wiki mbili.

Akaniuliza kama kifurushi kikiisha atabaki na chochote. Ni swali zuri kuliko la bei. King'amuzi cha antena kinapaswa kuendelea kukuonyesha chaneli za kitaifa zisizolipiwa hata usipokuwa na salio. Kwa madishi ya kulipia usikisie, uliza siku hiyohiyo unayonunua. Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliposimamia masharti ya leseni, chaneli hizo zilitolewa kwenye madishi ya kulipia, na watu wengi wakaingia dukani upya kutafuta king'amuzi cha antena ili waone taarifa ya habari.

Mama alijumlisha mwenyewe kwa kalamu, akarudia mara mbili. Kisha akafunga daftari.

"Basi cha wajukuu kisubiri kikoba kivunjwe. Funga cha sebuleni, mwanangu."

Nilipanda tena juu ya bati. Ile spilita nilimrudishia ikiwa na nailoni yake, nikamwomba aipeleke dukani kabla risiti haijapotea.