"Ngozi nyeusi haishiki picha" na dhana nyingine potofu kwa wanaoanza kupiga picha za watu

Anayeanza kupiga picha za watu huokota ushauri kila kona. Mwingi una nia njema, ila baadhi yake unaharibu sura za watu. Naanza na dhana inayoniudhi kuliko zote.

Dhana: Mtu mweusi sana hatoki vizuri kwenye picha

Ngozi haina kosa lolote. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, vinatoa kijivu cha kati. Msimamishe bwana harusi mweusi, kanzu nyeupe, mbele ya ukuta wa chokaa: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unazama gizani. Filamu za rangi za kamera za zamani nazo zilikuwa na upendeleo wake. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilisawazisha rangi kwa kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikijulikana kama kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha watu wote.

Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha vuta ile alama ya jua juu taratibu mpaka macho na mstari wa taya vionekane. Darizi ya shingoni kwenye kanzu ikianza kupotea, umezidisha, rudisha kidogo. Halafu mgeuze ubavu kwenye dirisha au mlango ulio wazi. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mng'ao, na mwanga mpana wa ubavuni huutandaza kwenye shavu na paji la uso, sura ikapata umbo. Flashi ya simu inaacha madoa meupe tu.

Na tafadhali, usimchubue mtu kwa filta. Amekuja kupigwa picha yake, na rangi yake ni sehemu ya picha hiyo.

Dhana: Jua likiwaka, picha inatoka safi

Huku kwetu karibu na ikweta jua la saa sita mchana linapiga utosini, na macho yanageuka mashimo. Mwingize mtu barazani, hatua moja ndani ya kivuli, uso ukielekea nje kwenye uwazi. Kisha tazama mboni zake: ukiona kinukta cheupe cha mwanga ndani yake, hapo ndipo pa kupigia.

Dhana: Bila kamera ya bei mbaya utapoteza muda

Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa mchana, nyuma ametundika kitambaa, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, mara nyingi mteja alipigwa picha moja tu. Uhodari wake ulikuwa kabla ya kubonyeza: mkono ukae wapi, bega ligeuke vipi, kitambaa gani kiendane na gauni. Mwaka 1994 picha hizo zilionyeshwa Paris. Simu uliyonayo inatosha kujifunzia hayo yote.

Dhana: Ukitaka sura ijae, isogeze simu usoni

Pua itavimba na masikio yatarudi nyuma, maana kilicho karibu na lenzi hukuzwa kuliko kilicho mbali. Rudi nyuma mita moja na nusu au mbili, halafu tumia zoom ya 2x.

Dhana: Mtu akae wima, atulie, atabasamu

Ukimwambia bibi "tabasamu", atakaza midomo kama yuko kwenye picha ya kitambulisho. Mwamkie kwanza. "Shikamoo bibi, wajukuu hawajambo?" Mwache aeleze, simu ikiwa tayari mkononi. Akicheka, piga, lakini usiishushe simu: mara nyingi picha nzuri zaidi ni ile inayofuata, kicheko kinapoisha na yeye ameshasahau kwamba anapigwa picha.