Je, wajua kwa nini mlinzi wa NFL hupanda au kushuka ubora kwenye gemu kwa kubadilishiwa jina la nafasi tu?

Wanaocheza Madden NFL, gemu ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, inayotolewa na Electronic Arts, wanalijua jambo hili vizuri. Unamchukua mlinzi, unaingia kwenye orodha ya kikosi, unambadilishia nafasi. Kasi yake ni ileile, nguvu ni zilezile, hata uzito haujaongezeka kilo moja. Lakini ile namba kubwa ya ubora wake wa jumla inaweza kusogea hapohapo, wakati mwingine kwa kiasi cha kushtua. Uwezo umekwenda wapi?

Haujaenda popote. Namba hiyo haimpimi mchezaji peke yake. Inampima kwa nafasi aliyoandikiwa. Gemu huhifadhi alama nyingi ndogondogo za kila mtu: mbio, kukaba, kujichomoa mikononi mwa wanaomzuia, kusoma mchezo, kumfuata mpokeaji wa pasi. Kila nafasi ina hesabu yake inayoamua alama ipi iwe na uzito gani. Kwa mlinzi wa mstari wa mbele, kujichomoa kwa wazuiaji kunabeba sehemu kubwa ya hesabu. Kwa lainibeka, yule anayepangwa nyuma ya mstari huo, kulinda pasi nako kunahesabiwa. Mpe mtu jina lisilolingana na kazi yake, na utakuwa unampima kwa kazi asiyoifanya.

Shida ni kwamba jina na kazi ya mlinzi havilingani hata uwanjani. Sheria za NFL zinaibana timu inayoshambulia: wachezaji wasiopungua 7 lazima wawe kwenye mstari unaozitenganisha timu mbili mpira unapoanza kuchezwa, na ni baadhi tu ya wachezaji wanaoruhusiwa kupokea pasi ya mbele. Timu inayolinda iko huru zaidi. Ilimradi wasizidi 11 na wasiwe wamevuka mstari mpira unapoanza, wanaweza kusimama karibu watakavyo, ukiacha masharti machache ya wakati wa mikwaju. Kwa hiyo nafasi za ushambuliaji zina mizizi kwenye kitabu cha sheria. Za ulinzi ni mazoea ya makocha, na makocha hawakubaliani.

Chukua mifumo miwili mashuhuri. Katika 4-3 kuna walinzi 4 kwenye mstari na malainibeka 3 nyuma yao. Katika 3-4 ni kinyume chake. Kwenye 4-3, mlinzi wa mwisho wa mstari, yaani anayesimama kwenye ncha yake, ni mtu wa aina ya Myles Garrett wa Cleveland Browns: kilo 123 hivi, mwepesi wa kuzunguka pembeni, na kazi yake kubwa ni kumwangusha kotabeki, yaani mtupaji wa pasi, kabla mpira haujamtoka mkononi. Kwenye 3-4, mwenye cheo hichohicho ni jitu la aina ya Cameron Heyward wa Pittsburgh Steelers, kilo zaidi ya 130, ambaye mara nyingi humenyana na wazuiaji wawili ili wenzake wapate upenyo. Kazi ya Garrett katika timu ya Heyward inafanywa na T.J. Watt, mwenye kilo 114 hivi, ambaye kwenye karatasi ni lainibeka. Mwaka 2021 Watt aliangusha kotabeki mara 22.5 (nusu huandikwa wawili wakishirikiana) na kuifikia rekodi ya Michael Strahan ya mwaka 2001. Strahan alikuwa mlinzi wa mstari. Kwa hiyo majina yao ni tofauti, lakini kazi ni moja na rekodi waliyoifikia ilikuwa moja.

Mpenzi wa soka ataelewa haraka akimkumbuka John Stones wa Manchester City msimu wa 2022/23: kwenye orodha alikuwa beki, lakini timu ikipata mpira alipanda kucheza kiungo.

Wala si watengeneza gemu peke yao wanaotatanika. Mwaka 2015 Khalil Mack, wakati huo akiwa Oakland Raiders, alichaguliwa kwenye kikosi bora cha mwaka cha shirika la habari la AP katika nafasi mbili kwa mpigo: mlinzi wa mwisho wa mstari na lainibeka. Haikuwahi kutokea kabla yake. Wapiga kura walimtazama mtu mmoja, wengine wakaona hiki na wengine kile, na wote walikuwa sahihi. Mwaka uliofuata AP ilianza kutumia kundi la wavamizi wa pembeni, yaani wanaomwendea kotabeki kutokea pembeni, wawe walinzi wa mstari au malainibeka.

Kuna hata waliogombania jina kwa sababu ya fedha. Mwaka 2008 Baltimore Ravens walimbakiza Terrell Suggs kwa kutumia kipengele kinachoiruhusu timu kumzuia mchezaji mmoja asiondoke, mradi imlipe kiwango kinachotokana na mishahara ya juu ya nafasi yake. Timu ilisema ni lainibeka. Yeye akasema ni mlinzi wa mstari, nafasi iliyokuwa na kiwango kikubwa zaidi mwaka huo. Waliishia kupatana katikati ya viwango hivyo viwili.

Ukirudi kwenye gemu, utaona ugumu huu una historia. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1988 kwa kompyuta za Apple II, na John Madden, kocha aliyewahi kutwaa Super Bowl, fainali ya NFL, na Raiders, alikuwa amekataa katakata gemu yenye wachezaji pungufu ya 11 kila upande. Alikuwa na haki. Ila uhalisia uliopiganiwa wakati huo ulikuwa wa idadi ya watu. Baadaye nafasi za ulinzi zilikaa kwa miaka mingi kama visanduku vya kujaza: mlinzi wa mwisho kushoto, wa kulia, lainibeka wa nje kushoto, wa kulia, na kadhalika, ingawa walinzi wengi wa kweli hubadilishana pande kulingana na mpinzani.

Madden NFL 19 ilipiga hatua ya maana ilipoleta aina za wachezaji ndani ya nafasi moja, na kipimo cha jinsi kila mmoja anavyoufaa mfumo wa kocha. Matoleo ya karibuni yameanza kutumia majina ya kazi, kama mvamizi wa pembeni. Nayapongeza, lakini kwa maoni yangu bado yanaanza na jina halafu yanatafuta kazi. Ningependa yaanze na mahali mtu anaposimama.

Makocha wana lugha ya hilo tayari. Huwapa walinzi wa mstari namba: 0 ni aliye uso kwa uso na mtoa mpira wa katikati, 3 ni aliye kwenye bega la nje la mzuiaji wa ubavuni mwa huyo mtoa mpira, 5 ni bega la nje la mzuiaji anayefuata. Kusogea bega moja tu kunabadilisha pengo analolinda na mtu atakayepambana naye. Takwimu nazo zipo. Tangu 2015 viwanja vyote vya NFL vinafuatilia vifaa vidogo vilivyo kwenye pedi za mabega, vinavyoonyesha kila mchezaji yuko wapi mara 10 kwa sekunde. Madden NFL 22 ilitumia takwimu hizo kuongoza mienendo ya wachezaji. Zinaweza pia kuonyesha kwamba mlinzi fulani alisimama pembeni mara ngapi, katikati mara ngapi, na nyuma kulinda pasi mara ngapi, kisha ubora wake ukahesabiwa kwa uwiano huo.

Faida kubwa ingeonekana kwenye timu zinazoendeshwa na kompyuta. Kompyuta ikijaza kikosi kwa kufuata jina, inaweza kumpeleka mvamizi mwepesi kumenyana na majitu mawili katikati kwa sababu tu namba yake ni kubwa. Hapo gemu nzima huharibika, kwa kuwa mpinzani atakimbiza mpira pale pale kila mara.

Ukitazama Super Bowl ijayo, sahau kwanza majina yanayoandikwa kwenye skrini. Tafuta mlinzi wa nje kabisa kwenye mstari, uone kama ameweka mkono ardhini au amesimama wima, halafu mfuate mpira unapoanza: anamwendea kotabeki, anasukumana na mzuiaji palepale, au anarudi nyuma kulinda pasi. Baada ya mara chache utaijua kazi yake kuliko karatasi inavyoweza kukuambia.