Ndege wa Sankofa hakai nyuma: yanayosemwa vibaya kuhusu alama za Waakan

Kikundi chochote cha harakati za watu weusi kikianza kutafuta nembo, haipiti wiki kabla mtu hajaleta picha ya ndege aliyegeuza shingo. Huyo ndiye Sankofa, mojawapo ya alama za adinkra, ambazo Waakan huzichapa kwenye vitambaa. Pamoja naye huja maelezo mengi, na si yote ya kuaminiwa.

La kwanza ni kwamba Sankofa inatuambia turudi kwenye enzi za mababu. Neno ni la Kitwi, lugha ya Waakan, limeundwa kwa vitenzi vitatu: san, rudi, ko, nenda, fa, chukua. Methali yake inasema si mwiko kurudi kuchukua ulichokisahau. Mtazame ndege mwenyewe: shingo imegeuka, miguu inaelekea mbele. Kuna kitu alikiacha; akishakichukua, safari inaendelea. Basi wanaoichapa Sankofa kwenye fulana zao wajiulize wamesahau nini. Ni lugha? Ardhi? Majina? Wakikosa jibu, wana picha ya ndege tu.

Kosa hilo lina mzazi wake, nayo ni dhana kwamba kila alama ya adinkra ina neno moja la kuifasiri: hii umoja, hii nguvu, hii hekima. Majedwali ya mtandaoni ndiyo yaliyotuzoesha hivyo. Waakan, ambao wengi wako Ghana na wengine Côte d'Ivoire, huzifasiri alama nyingi kwa methali. Kwetu jambo hili si geni. Nani anamnunulia wifi yake kanga bila kusoma jina lake kwanza?

Chukua Funtunfunefu Denkyemfunefu, mamba wawili wenye tumbo moja. Jedwali litakuambia "umoja" au "demokrasia". Methali inasema tumbo lao ni moja, lakini wakila wanapigana. Hilo ni karipio. Linakifaa sana chama ambacho matawi yake yanagombania fedha za mfuko mmoja, mradi wenyewe wajue kwamba wanasemwa wao. Anayetaka mshikamano bila kijembe ana Nkonsonkonson, pete za mnyororo zilizoshikana.

Na zisidhaniwe zote ni za upole. Akoben ni pembe la vita, sawa kabisa na la mgambo likilia kuna jambo. Epa ni pingu.

Simulizi inayopendwa zaidi ni ya asili ya adinkra. Inasemekana alama hizi zilitoka kwa Nana Kofi Adinkra, mfalme wa dola ya Gyaman, aliyeshindwa na Waasante, jamii mojawapo ya Waakan, katika vita vya 1818, na Waasante wakachukua ufundi wake kama ngawira. Tatizo ni tarehe. Mwingereza Thomas Bowdich alifika Kumasi, mji mkuu wa Waasante, mwaka 1817 na kuondoka na kitambaa cha adinkra, ambacho sasa kimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Kitambaa kilikuwa Kumasi kabla ya vita. Maelezo mengine huanza na neno adinkra lenyewe, linalohusishwa na kuagana, kwa kuwa vitambaa hivi vilivaliwa hasa msibani.

Jijini New York, mwaka 1991, yalifukuliwa makaburi ya kale ya Waafrika, na juu ya jeneza moja palikuwa na misumari midogo iliyopangwa kama moyo. Ikatangazwa kuwa ni Sankofa, maana alama hiyo ina umbo la pili linalofanana na moyo. Baadaye wanahistoria walihoji: huenda ulikuwa moyo tu. Sioni kwamba shaka hiyo inawapunguzia heshima waliozikwa pale, lakini anayeandika historia ya nembo yake asiandike "imethibitishwa".

"Ni alama za Afrika Magharibi." Hapana, ni za Waakan. Kusini-mashariki mwa Nigeria kuna nsibidi, mfumo wa alama za kuandikia, ambayo sehemu yake ni siri ya chama cha Ekpe. Mali kuna bogolan, kitambaa cha matope. Kuzichanganya katika duara moja ni kama kupika pilau kwa viungo vya ugali.

"Hazina mwenyewe." Sheria ya Hakimiliki ya Ghana ya 2005 inaziweka sanaa za jadi mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi, na anayetaka kuzitumia kibiashara huomba kibali na kulipa ada. Nje ya mipaka ya nchi hiyo sheria haina meno mengi. Hata hivyo, barua ya kuuliza haigharimu kitu.

"Za jadi hazibadiliki." Mbona wachongaji wameingiza hata nyota ya Benz?

Kwa upande wa uchoraji adinkra ni hazina. Pale Ntonso, karibu na Kumasi, mihuri huchongwa kwa kipande cha kibuyu na kuchovywa katika wino mweusi wa magome yaliyochemshwa. Kibuyu hakivumilii madoido, kwa hiyo alama nyingi husomeka kwa rangi moja tu, ziwe kwenye bango au kwenye kitufe cha simu. Ila angalia Nkontim, ishara ya utiifu inayotokana na mtindo wa nywele wa watumishi wa malkia. Mikono yake iliyopinda inafanana na msalaba wa Wanazi. Mwakan hatashtuka, lakini ukiibandika ukutani Berlin, hutapata nafasi ya kueleza mambo ya nywele.